Nilimfundisha Mwanangu Kunyamaza, Sasa Hasemi

Admin, futa jina langu na picha yangu kabla hujabandika, maana mawifi zangu wote wako humu na wanasoma kuliko wanavyosali. Nina miaka thelathini na moja, mzaliwa wa Tanga, naishi Durban na mume wangu na binti yetu mmoja wa miaka sita, nitamwita Naima. Mume yuko kiwanda cha maboksi kule Jacobs. Mimi nasuka nywele nyumbani, Berea, kwenye fleti tunayogawana na familia ya Kikongo. Wao wana chumba, sisi tuna sebule, katikati pazia. Vibali vyetu viliisha muda, na kila tukienda kuviomba upya tunaambiwa turudi siku nyingine.

Naima alipofika umri wa kuanza shule nilizunguka naye mpaka soli za viatu zikaisha. Huku wakasema pamejaa, kule wakataka karatasi ambazo hatuna. Shule ya mwisho tulikuta watu wasiotaka wageni wamesimama getini wanauliza kila mzazi katoka wapi. Nikamshika mwanangu mkono tukageuza. Siku hiyo nikasema basi, mwalimu wake ni mimi.

Na nilifundisha jamani, msinichukulie poa. Mume alileta maboksi yaliyoharibika kazini, nikayakata kadi, nikaandika ba be bi bo bu kama nilivyofundishwa mimi. Hesabu tulifanya kwa maharage kabla sijayapika. Haukupita muda mrefu akawa ananisomea meseji za bibi yake kwenye simu, anacheka kabla hajamaliza. Mama Grace, jirani yangu wa pazia, alikuwa anasimama na mwiko mkononi anamsikiliza.

"Eh, huyu mtoto iko na akili mingi," akaniambia siku moja. "Lakini mbona kwa ngazi nikimusalimia hanijibu?"

Nikamwambia ana aibu tu. Nilidanganya; sababu ya kweli nilikuwa naijua.

Mwenye jengo hataki familia mbili kwenye fleti moja, kwa hiyo mlinzi wake huja mchana kugonga na kutega sikio. Tukawa na mchezo wetu: mlango ukigongwa, Naima anaingia nyuma ya pazia, anafunga mdomo mpaka yule mtu aondoke, halafu anapata biskuti. Kwenye taxi, yaani daladala za huku, ni hivyo hivyo. Wanaoishi huku watanielewa. Ukiwa ndani ya taxi hupokei simu ya nyumbani. Unatoa nauli, unasema "sharp", yaani poa, unashuka. Lafudhi ikisikika tu, macho yote kwako. Mtoto akitaka kuniuliza kitu njiani namwekea kidole mdomoni. Katika masomo yote niliyompa, hakuna alilolishika haraka kama hilo.

Mwezi uliopita Mama Grace akatuletea habari njema. Kanisani kwao kuna mama wa Kizulu mwenye shule ndogo nyumbani kwake, Morningside, na mambo ya karatasi hayamsumbui sana. "We peleka mtoto," akasema. "Atamuuliza tu jina na rangi, c'est tout, basi." Nilimsuka Naima mistari midogo, nikamvalisha gauni la Idi.

Yule mama alikuwa mpole. Akachuchumaa, akamuuliza jina kwa Kiingereza. Kimya. Akauliza kwa Kizulu. Kimya. Nikamwambia mimi kwa Kiswahili, "Sema mwanangu, hapa unaruhusiwa." Akanitazama kama mtu anayehisi anategwa. Mara mlango ukagongwa, ni mwalimu mwingine analeta funguo. Naima akazama chini ya meza, kidole mdomoni, akaanza kunivuta sketi ili na mimi nijifiche. Alidhani ananiokoa mama yake. Mbele ya wale wanawake wawili nilitamani ardhi ipasuke.

Mwenye shule hakucheka. Aliniuliza taratibu, "Dada, huyu mtoto amefanyiwa nini?" Nikainama kumtoa mtoto chini ya meza. Akasema hawezi kumpokea mpaka azoee kuongea na watu.

Mume wangu aliposikia alivua viatu vya kazi polepole, halafu akasema, "Eish, mke wangu, mtoto gani wa kufugwa ndani kama kuku wa kisasa?" Binamu yake anarudi Tanga kwa basi wiki ijayo, na mume anataka binamu aondoke na Naima, ampeleke kwa bibi yake. Mama mkwe naye kapiga simu: "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Niletee mjukuu wangu." Nililia chooni nimefungua bomba.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba wana haki. Kule atacheza uani na wenzake, ataenda shule, atapiga kelele atakavyo. Lakini mimi nikivuka mpaka na kibali kilichoisha sirudi tena, na mume hana mpango wa kuondoka huku. Nikimwacha aende, sijui nitamwona lini. Nikienda naye, ndoa ndiyo imeishia hapo.

Nimejaribu kumfundisha upya. Tukishuka ngazi namwambia amsalimie Mama Grace kwa sauti, naanza mimi ili anifuate. Ananiziba mdomo kwa kiganja chake. Siku hizi hata ndani ya nyumba ananong'ona.

Jana nilikuwa nachambua mchele, baba yake anajaribu zipu ya begi. Naima alisimama akaliangalia lile begi, halafu akaja akaweka mdomo sikioni kwangu.

"Mama, nikinyamaza vizuri sana, sitapelekwa?"

Wenye kutukana tukaneni, ninastahili. Lakini mkimaliza nishaurini ndugu zangu, maana sijamjibu mpaka sasa, na yeye hajauliza tena. Nimwambie nini mwanangu?