Mshika Mkia wa Bwana Shamba

Ndugu wananchi, vueni kofia. Inatangazwa rasmi, kwa ile sauti nzito ya redioni ya kutangazia mafuriko, kwamba katika Temeke nzima, kuanzia Keko mpaka Mtoni, hapakuwa na binadamu aliyemfahamu chatu kama Ndugu Polikarpo Namtuka, fundi wa kuchezesha nyoka, mwanachama hai wa TANU, mzaliwa wa Masasi na mkazi wa chumba kimoja chenye bati linalovuja upande wa miguuni. Nyoka akiwaza jambo, Polikarpo alilijua kabla ya nyoka mwenyewe. Serikali ilimpa vyeti vitatu. Mkewe alimpa kisogo, akahamia Chanika.

Chatu aliitwa Bwana Shamba. Alikuwa na urefu wa futi kumi, na jina lake alilipata kihalali: alikula mara moja kwa mwezi, na siku zilizobaki alilala kivulini akisubiri ripoti.

Majirani walisema Polikarpo ana dawa. Walimwona anamtoa kapuni mnyama anayeweza kummeza mbuzi, anamvaa shingoni kama shali, wakasema hapana, huyu kachanjwa. Dawa hakuwa nayo. Alikuwa na macho, na uvivu wa kutosha kukaa kwenye kigoda siku nzima akimtazama nyoka. Ndivyo alivyojua kwamba ulimi ukitoka polepole na kuyumbayumba, Bwana Shamba anauliza habari za hapo, na jibu lake ni kutulia. Ulimi ukikoma kutoka, shingo ikarudi nyuma na kujikunja kama mkono wa birika, hapo mrudishe kapuni umtake radhi. Asishikwe kwa juu, maana kwa juu huja mwewe. Mikono ipite chini, katikati ya mwili, abebwe kama mgonjwa. Asikabwe. Chatu akikabwa naye hukaba, lakini akiachwa apite mkono hadi mkono, anakuona wewe ni tawi la mti, na tawi halimsumbui. Akishiba, siku nne asiguswe. Na ole wake anayemgusa akiwa ametoka kushika kuku. Juu ya kidole gumba Polikarpo alikuwa na kovu la nusu duara, kumbukumbu ya Krismasi ya mwaka sitini na sita, aliponyonyoa jogoo kisha akaenda kumsalimia Bwana Shamba bila kunawa.

"Hakuniuma," alikuwa akimtetea. "Ni makosa ya kiofisi."

Ila futi kumi za chatu si kazi ya mtu mmoja. Wewe ukinyanyua upande wa kichwa, mkia unatafuta mguu wa kitanda, unajifunga hapo, na utavuta mpaka uje na kitanda. Lazima awepo wa nyuma, mwenye mkono mwepesi, wa kuufungua mkia pole pole na kuupakata. Kwa miaka minane mtu huyo alikuwa Eufrazia. Polikarpo alinyanyua mbele, akaita, "Haya, mkia!" Eufrazia akaitikia nyuma, "Umetoka!" Wakatoka uani wote watatu, kama familia inayokwenda kanisani.

Mambo yaliharibika Saba Saba ya mwaka sabini na tatu. Walicheza vizuri hata mgeni mmoja wa nje, mwekundu kwa jua, akashuka jukwaani kumpa Polikarpo mkono. Akauliza kupitia mkalimani: na mama huyu ni nani? Polikarpo, kifua mbele, cheti cha tatu mkononi, akajibu, "Huyo ananishikia mkia."

Hakusema uongo. Ndiyo maana iliuma. Eufrazia alirudi nyumbani, akaosha kapu, akapika, akala, akafunga mzigo.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa dada yangu Adelina, Chanika. Kijiji cha ujamaa kinagawa mashamba."

"Na mkia?"

"Kipe cheti chako kiushike."

Tangu siku hiyo miezi kumi na mitano ilipita, na hamu ya mtu yule ilimkaa Polikarpo mwilini kama homa ya vipindi. Kila Jumapili alimtoa Bwana Shamba kumwogesha, akanyanyua mbele, na kabla hajajizuia mdomo ukaita wenyewe, "Haya, mkia!" Mkia ukashika kitanda. Polikarpo akabaki amesimama na nusu ya nyoka mikononi, akisikiliza.

Sasa utauliza: Chanika ni mbali? Si mbali. Basi lilikwenda kila asubuhi kwa kupitia Pugu. Lakini kumfuata mke kwao ni shughuli. Utafute mtu mzima wa upande wake, mwende wote, mkalishwe mkekani mbele ya dada mtu, na hapo useme kwa kinywa chako kwamba umekosa. Polikarpo alikuwa radhi kuumwa na chatu mara kumi kuliko kukaa mkeka huo mara moja. Alichotaka yeye ni kuonekana Chanika kwa bahati, yupo kikazi, kavaa vizuri, na Eufrazia apite akiwa na ndoo, ashtuke, yaishe.

Kwa hiyo siku katibu wa tawi la Chama, Ndugu Mfaume, alipomwita ofisini, Polikarpo alikaribia kumbusu.

"Jumamosi unatakiwa Chanika," alisema Mfaume, mtu wa Pwani, mwembamba, kalamu tatu mfukoni na zote hazina wino. "Marafiki zetu wa nje wanakabidhi trekta kijijini. Nyoka awepo. Lori saa mbili kamili asubuhi."

"Chanika ipi, Katibu?"

"Ziko ngapi?"

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Polikarpo alinyoa ndevu, akaipiga pasi suruali yake ya mapokezi, akakaa mbele ya kapu kufanya mazoezi. "Eufrazia, nilikosa. Rudi." Bwana Shamba akatoa ulimi, akauyumbisha, akaurudisha. Polikarpo akarudia kwa sauti ya chini zaidi. Maneno matatu, na kila alipoyasema la katikati lilikuwa halisikiki.

Alhamisi asubuhi alifunua kapu akakuta macho ya Bwana Shamba yamegeuka rangi ya maji ya kuoshea mchele.

Kwa anayejua, habari imekwisha hapo. Chatu anayetaka kujivua gamba huingiwa na ukungu machoni. Haoni vizuri, ngozi inamwasha, kila kinachomgusa ni adui. Siku hizo hashikwi. Polikarpo alishawahi kuwakatalia mawaziri wawili kwa sababu ya ukungu huo. Walikuja uwanjani wakacheziwa ngoma kavu, isiyo na nyoka, wakapiga makofi hivyo hivyo.

Leonardi, mpiga ngoma wake, mchonga vinyago wa Keko, ambaye tangu Eufrazia aondoke ndiye aliyeshika mkia na aliushika kama anayekamua nguo, alichungulia akaguna.

"Huyu haendi popote. Kamwambie Katibu."

Polikarpo akaenda. Alifika mpaka mezani, kofia mkononi.

"Katibu, kuhusu nyoka."

"Ana udhuru?" Mfaume hakuinua kichwa. "Sema mapema, maana wale wa ngoma ya sindimba wa Keko wananisumbua kila siku. Nafasi kwenye lori ni ileile moja."

Polikarpo aliliona lori likienda Pugu bila yeye. Akauona mwaka mwingine wa Jumapili.

"Mzima, Katibu," akasema. "Mzima kuliko mie."

Jumamosi lori lilipanda vilima vya Pugu na Bwana Shamba kapuni, amefunikwa gunia bichi, akivuta pumzi kwa kishindo kama baiskeli inayotiwa upepo. Leonardi alikaa mbali naye kadiri lori lilivyoruhusu.

"Braza, sikia hiyo."

"Amechoka na safari."

"Hata hatujafika Pugu sekondari!"

Kijijini trekta lilikuwa tayari limevikwa majani ya minazi kama bwana harusi. Wageni walikaa kwenye viti vya shule. Upande wa pili, chini ya kibanda cha makuti, kina mama walikuwa wakiwapikia, na kati yao, amejifunga kanga kiunoni, kisu mkononi, akikatakata kuku wa pilau, alikuwa Eufrazia. Alikuwa amekonda kidogo. Hakuinua macho. Polikarpo alizisahau hatua tatu za kwanza za ngoma yake mwenyewe.

Ngoma ikalia. Akafungua kapu. Ulimi haukutoka. Shingo ilirudi nyuma, ikajikunja. Kila alichokuwa akikijua kwa miaka kumi kilimwambia funika. Ndipo kwa pembe ya jicho akamwona Eufrazia ameacha kukata, amesimama, anatazama.

Basi mwanamume akamnyanyua Bwana Shamba mpaka juu ya kichwa. Jambo hilo hakuwahi kulifanya hata nyoka akiwa na heri zake. Chatu kipofu, ananing'inia hewani, tumbo halina pa kuegemea. Leonardi, aliyeiacha ngoma aje ashike nyuma, aliukamua mkia kwa woga, mkia ukamjibu kwa kumwagia uchafu wenye harufu ya kuvunja mkutano, Leonardi akaruka kando. Bwana Shamba akashika kilichokuwa karibu. Ilikuwa shingo ya Polikarpo. Mzunguko mmoja. Wa pili.

Wananchi wakapiga makofi. Wageni wakapiga picha. Ndugu Mfaume akasimama na kuinua ngumi, "Uhuru na kazi!" na umati ukaitika. Polikarpo alisimama wima kama nguzo ya simu, maana hiyo nayo ni kanuni: ukibanwa usipapatike, kila ukitoa pumzi yeye anakaza. Uso wake ulianza kuwa rangi ya zambarau. Mama mmoja ndiye aliyetambua.

"Jamani, huyu mtu anakufa!"

Makofi yakakatika. Leonardi akasimama mbali akilia. Eufrazia aliweka kisu chini. Hakukimbia kuelekea uwanjani. Alikwenda kwenye mtungi.

"Dada, wahi!" Adelina akapiga kelele. "Unanawa saa hizi?"

"Nimeshika kuku," alisema Eufrazia.

Akachota majivu, akajisugua vidole, viganja, mpaka kwenye viwiko, akasuuza, akanusa mikono, akaongeza majivu. Wageni hawakuelewa kwa nini mke anaoga wakati mume ananyongwa. Polikarpo peke yake, macho yakimtoka, aliifahamu kila sekunde ya kunawa kule, na hakuwahi kumpenda mtu kiasi hicho.

Kisha akaja kwa upande, taratibu. Kichwa hakukigusa. Alianzia kwenye ncha ya mkia, akaufungua kwa vidole, akaupakata, na kuanza kumzunguka mumewe kinyume, hatua kwa hatua, kama anayefungua kamba kwenye mti. Mzunguko wa pili ukalegea. Wa kwanza ukateleza mpaka begani.

"Umetoka," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Wote wawili walimrudisha Bwana Shamba kapuni, wakatandaza gunia bichi. Sindimba ikaombwa ianze, ikakumbukwa kwamba wa sindimba hawakuletwa, basi trekta likawashwa badala yake.

Nyuma ya ghala Eufrazia alimkalisha Polikarpo, akampa maji kwenye kata, akamtazama anavyoyameza kwa taabu. Shingo ilikuwa na alama za magamba, safi kama muhuri.

"Ukungu umemwingia lini?"

"Alhamisi."

"Alhamisi. Na Jumamosi ukampakia kwenye lori." Alichuchumaa mbele yake. "Wewe Poli, ambaye uliwanyima mawaziri. Umemtoa kwa ajili ya trekta?"

Polikarpo alikunywa maji yaliyokwisha.

"Watu wamekuona hunifuati," aliendelea Eufrazia, polepole. "Adelina kachoka kunisema. Nina ekari yangu ya muhogo, sina shida ya kula. Lakini Jumapili, saa zile za kumwogesha, mikono yangu haijui iende wapi. Sijamwambia mtu. Nimekwambia wewe." Akavuta kanga. "Chumba cha Temeke bado unacho?"

"Ninacho."

"Bado kinavuja?"

"Miguuni tu."

Eufrazia alitaka kucheka, akajizuia. Kwenye uwanja dereva alipiga honi, na Leonardi akaita jina la Polikarpo kwa sauti ya mtu aliyekataliwa kupanda kwa sababu ya harufu. Eufrazia hakugeuka. Alimshika kidevu, pale pasipokuwa na alama, akamwinulia uso ili asipate pengine pa kutazama.

"Basi nijibu neno moja, nikachukue mzigo wangu sasa hivi, sihitaji mzee wala mkeka. Umekuja kunifuata mie?"

Polikarpo alikaa wima kama nguzo. Hakupapatika. Pumzi aliizuia. Honi ikapigwa mara ya pili.

"Nimetumwa na Chama," akasema.