Nati ya Juu ya Difu

Leo nimelala chini ya gari yangu hapa Hounslow, ughaibuni, nabadilisha oili ya difu, lile bonge la gia baina ya magurudumu ya nyuma. Harufu yake ile ya mayai viza imenipiga puani, nikacheka peke yangu.

Baba alikuwa na pikapu. Kila akimwaga oili ya difu alinambia, "Anza na nati ya juu, mwanangu, hii ina kutu. Ikigoma, ya chini usiiguse, maana utamwaga na pa kujazia huna."

Alipokufa, ami yangu, nduguye tumbo moja, akaja kuichukua pikapu. Mwizi ni yeye, nasema wazi. Mama yuko ndani ya eda, hawezi kutoka kubishana. Difu ilikuwa inalia, ami akataka abadilishe oili kwanza.

"We mtoto, baba yako akianza na nati ipi?"

"Ya chini, ami."

Akamwaga yote mchangani. Ya juu ikagoma, akaikazania na spana mpaka ikawa duara. Akaondoka kwa miguu, anawatukana mafundi wote wa mji.

Nikakimbia kumwambia mama. Siku ile ndiyo alicheka mara ya kwanza tangu msiba, kajiziba mdomo kwa kanga majirani wasisikie.