Soksi Zangu Kwenye Kaushio la Mboga

Chekeni sasa hivi mmalize, ndipo nisimulie, maana wanawake wa Matogoro wameshanicheka vya kutosha na mimi mwenyewe nimezoea. Aibu yote ilitokana na soksi.

Siku hiyo niliondoka Namtumbo asubuhi na mapema bila mpango wowote (shule niliiacha darasa la sita, na tangu hapo sijawahi kutulia mahali mpaka majirani wakanijua jina), nikadandia lori la mahindi linalokwenda Songea mjini, na tulipofika Matogoro dereva akasimama kuongeza maji kwenye rejeta, mimi nikaona vile vilima vya msitu vimejifunika ukungu, nikashuka. Kwa nini nilishuka? Nilitaka kuona, basi. Lori likaniacha. Nikakatiza kwenye majani yenye umande, na kwa kuwa ulikuwa mwezi wa saba, na baridi ya huku mwezi wa saba haina utani, haukupita muda viatu vikawa vinalia chwa, chwa, na vidole vya miguu sivisikii kabisa.

Ndipo nikakiona. Nyuma ya nyumba moja ya matofali kulikuwa na kibanda kirefu kilichofunikwa nailoni nzito inayopitisha mwanga, na feni ndogo ya sola inazunguka ubavuni. Nikapiga hodi nyumbani, kimya. Nikapiga hodi kibandani, kimya vilevile. Mlangoni kulikuwa na kibao: VUA VIATU. Mtu mwenye akili angesoma akaelewa kwamba hapa ni mahali pa watu wasafi na yeye hahusiki. Mimi nilisoma nikaona nimekaribishwa. Nikavua viatu, nikavipanga nje kwa adabu, nikaingia.

Jamani, lile joto! Kumbe ni kaushio la jua: jua linapiga nailoni, hewa ya ndani inachemka, feni inatoa unyevu nje. Trei za wavu zimepangwa ngazi kwa ngazi, na juu yake majani ya kunde na ya maboga yanakauka taratibu huku bado ni ya kijani. Nikakuta kipimajoto kinaning'inia, nikakipulizia pumzi nione kama kitapanda (kilipanda kidogo, nikafurahi). Kisha nikatazama chini. Soksi zangu zilikuwa zinachora ramani kwenye sakafu ya saruji iliyosuguliwa. Nikawaza, kwa ustaarabu wangu wote, kwamba kuchafua sakafu ya watu si vizuri, kwa hiyo nikazivua, nikazikamua nje, nikarudi kuzitandaza kwenye kona ya trei ya juu kabisa, kwenye joto kali. Zikikauka tu, naondoka. Soksi zenyewe zilikuwa za mtumba, kijani iliyofifia. Kumbukeni hiyo rangi. Nikakaa nyuma ya trei za mwisho, usingizi ukanipitia.

Nilishtuliwa na sauti mlangoni.

"Viatu vya nani hivi?"

"Vya dereva wa afisa, labda. Mwache, usimwaibishe mgeni."

Wakaingia wanawake watatu wenye makoti meupe na kofia za nyavu, na nyuma yao afisa wa ukaguzi wa chakula, amevaa glavu. Nikajikunyata chini. Aliyetangulia alikuwa mwenyekiti wa kikundi chao cha kukausha mboga, Mama Dafroza.

"Afisa, tukipata kibali leo, maduka ya mjini yamekubali kuchukua mboga zetu. Tusipopata, tunarudi kutandika chini sokoni. Lakini utaona mwenyewe, humu hata unywele hauingii."

"Naona," afisa akasema. "Mnazichovya kwenye maji ya moto kwanza?"

"Tunachovya, ndiyo maana rangi haipotei."

"Safi sana." Akasogea, trei hadi trei, mpaka ile ya juu. Akainua kitu kwa vidole viwili. "Na hii ni mboga gani?"

Mama Dafroza hakuwa na miwani. "Hiyo ya maboga, afisa. Jani lililokomaa."

Afisa akainusa.

Hapo nikaona nikiendelea kujificha nitakuwa mwizi, kwa hiyo nikasimama niombe radhi, lakini mdomo ukatoa ulichozoea: "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akajibu, kisha akakumbuka kwamba humo ndani hana mtoto.

"Mboga imeamka!" akapiga yowe mwenzake, Skolastika, mimi nikarudi nyuma kwa woga, kiwiko kikagonga trei, na majani ya kunde yote yakanimwagikia kwenye miguu mitupu.

Afisa peke yake hakucheka. "Mama, ikiingia soksi, panya naye anaingia. Mlango hauna hata kitasa! Mboga za humu zote tupeni, trei zioshwe kwa maji ya moto na sabuni, mlango ufungwe kitasa. Narudi Ijumaa. Nikikuta soksi nyingine, kibali msahau."

Akanikabidhi soksi yangu. Mama Dafroza akaketi juu ya ndoo. "Tumechuma tangu juzi," alisema, polepole, wala hakunitukana. Bora angenitukana.

Nikasema basi, naenda zangu. Skolastika alikuwa ameshika viatu vyangu. "Uende wapi, shemeji? Utakwenda peku?"

Nikasugua trei mpaka vidole vikakunjamana kama zile mboga. Nikafunga kitasa, nikaziba kila tundu kwa wavu, nikachuma kunde hadi mgongo ukagoma. Jioni Mama Dafroza akanifungulia stoo ya majembe, akanitandikia mkeka na blanketi. "Lala hapa, karibu na mlango. Akija mwingine kuanika soksi, utamkamata wewe, maana unawajua."

Ijumaa afisa akarudi, akaenda moja kwa moja kwenye trei ya juu, akainusa kwanza, ndipo akatoa kibali. Wanawake wakapiga vigelegele, na Mama Dafroza akaniambia stoo ni yangu mpaka miguu iniwashe tena, ila kwanza nichukue rangi nirekebishe kibao.

Nikaandika kwa mkono wangu mwenyewe: VUA VIATU. SOKSI BAKI NAZO. Kila mgeni anauliza maana yake, na Skolastika hachoki kueleza. Mimi siku hizi natembea na kandambili tu, hata mwezi wa saba.