Fishi za Watoto Waliorudi

Nyembo alikuwa na miaka hamsini na mbili, na kabla ya kazi ya kujaza fishi, yaani karatasi za utafiti, alikuwa amefanya kazi moja tu maishani mwake: kukaza bolti za reli kusini mwa stesheni ya Kamina. Alisoma mpaka darasa la sita. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, hata wakubwa wake walimwomba awaandikie barua. Kusema ndiko kulikomshinda. Akifika kwenye kiwanja cha watu alisimama karibu na ua na kukohoa kidogo, akingoja mtu amwone.

Sephora alimchukua kwa sababu ya upole huo. Alikuwa mwanafunzi wa udaktari kutoka Lubumbashi. Alikuwa amesimamisha masomo mwaka mmoja, akapewa burse, fedha za kufanya utafiti: kufuatilia watoto mia mbili na kumi na wawili waliozaliwa Kamina, ajue ni wangapi wanakufa kabla ya kutimiza mwaka, na wanakufa na nini. Kiluba hakukijua, na koti lake jeupe liliwatia wanawake hofu. Nyembo ndiye aliyetangulia.

Kila mtoto alikuwa na fishi yake, yenye namba na visanduku vitatu: yupo, amehama, amekufa. Chini yake kulikuwa na mstari mtupu wa maneno ya mama.

"Mama, mutoto iko?" Nyembo aliuliza.

Wengi walijibu kwamba yuko, wakamleta apimwe. Wengine waliinamisha macho. "Alirudi."

Kwao, mtoto ambaye bado ananyonya hasemwi kwamba amekufa. Amerudi alikotoka. Anayetamka lile neno jingine anamwita mtoto atakayefuata aende njia ileile. Nyembo na mke wake Marceline walikuwa wamepoteza wawili, na hakuna siku waliyolitamka neno hilo, hata wakiwa peke yao. Basi aliacha visanduku vitupu, akaandika kwenye mstari: Alirudi. Aliona kwamba yeyote atakayesoma ataelewa.

Neno hilohilo aliliandika kwenye fishi namba 118, ya Kyabu, mtoto wa binti yake Shekina, aliyerudi akiwa na miezi mitano. Mwezi ule Sephora alikuwa Lubumbashi kwa maprofesa wake. Aliporudi, Nyembo alimpa fishi zote pamoja, ya 118 ikiwa kati yao.

Mwezi wa kumi na mbili wa burse, Sephora alimwita mbele ya kompyuta. Siku hiyo alikuwa na furaha.

"Papa Nyembo, kuya uone. Batoto mia mbili na kumi na mbili. Bale balikufa ni bane tu."

Wanne hao ndio waliofia hospitalini, walioandikwa na wauguzi.

"Na bengine?" Nyembo aliuliza.

"Makumi tatu na moja balihama." Akacheka. "Mweye bantu ba Kamina munapenda safari sana."

"Balihama wapi, docta?"

"Nilikuambia siko docta bado, papa. Balihama ku vijiji. Njo fishi zako hizi: alirudi, alirudi, alirudi."

Ripoti ilikuwa iende Lubumbashi baada ya wiki mbili, burse itakapokwisha. Ikienda vile, itasema kwamba watoto wachanga wa Kamina hawana shida, na hakuna atakayekuja kuuliza tena.

"Docta," alisema, "ile haiko safari."

Sephora alimtazama, kisha akazitazama fishi. Alivuta moja, akaisoma, akavuta nyingine.

"Bote?"

"Mumoja tu njo alihama. Iko Luena. Bale makumi tatu hapana."

"Miezi kumi na moja, papa. Mbona haukuniambia?"

"Ulisema niandike maneno ya mama."

Sephora hakumfokea. Alifunga kompyuta, akaweka viganja vyake juu ya kifuniko chake. Hakuweza kujaza visanduku kwa neno la Nyembo tu, alisema. Sheria ya utafiti ilitaka mama mwenyewe atamke kwamba mtoto amekufa, kisha ajibu maswali tisa ya ukurasa wa pili. Walikuwa na siku kumi na nne.

Walizunguka pamoja. Priscille, muuza makaa karibu na reli, alimcheka Nyembo mbele ya wateja wake. "Leo umepata kinywa? Mwaka muzima ulikuwa unakohoa tu ku ua yangu kama mbuzi ya kuibwa." Kisha kicheko kikamwishia. Alimvuta nyuma ya magunia, akalitamka neno lile kwa sauti ya chini, haraka, kama anatema kitu. Mwingine aliwamwagia maji ya vyombo miguuni. Mwingine alikuwa na mimba ya miezi minane. Alipoona fishi alijifungia ndani, na Nyembo hakubisha hodi mara ya pili.

Ishirini na wawili walikubali. Kwenye ukurasa wa pili, kumi na mmoja walisema jambo moja: siku ya sita au ya saba mtoto alishindwa kunyonya, taya zikakaza, mwili ukawa mgumu kama ubao. Sephora alijua ugonjwa huo. Kuna chanjo yake, mama anachomwa akiwa na mimba.

Siku ya mwisho ilibaki fishi moja.

"Hii iko ya nani?" Sephora aliuliza.

"Ya mutoto yangu. Kyabu alikuwa mujukuu yangu."

Walimkuta Shekina akimenya muhogo uani. Aliiona fishi mkononi mwa baba yake, akaendelea kumenya.

"Papa, weye unajua yote. Ulikuwa ku maziko. Andika."

"Ni lazima mama mwenyewe aseme."

"Unataka niseme?"

"Ndiyo, mama."

Shekina aliweka kisu chini. "Kyabu alikufa," alisema.

Nyembo alitia alama, akageuza ukurasa. Homa? Ndiyo, siku ine. Degedege? Ndiyo. Ulimpeleka wapi? Ku hospitali, siku ya ine, alifia ku mulango. Nini kilikuchelewesha?

Shekina alimwangalia Sephora badala ya baba yake.

"Bwana yangu iko ku mashimo ya madini ya Kolwezi. Minyi nilikuwa nangojea papa. Ku hospitali beye banamujua, banamupokea mbio. Lakini alikuwa Luena, kutafuta ule mutoto wa fishi, na treni ya kurudia haikukuya siku ine."

Mtoto wa Luena alikuwa mzima na mnene. Nyembo alikuwa amempima mwenyewe.

"Papa, leta, minyi nitaandika," Sephora alisema.

Nyembo alitikisa kichwa. Chini ya swali kulikuwa na umbali, pesa, barabara, sababu nyingine. Alitia alama kwenye ya mwisho. Kwenye mstari akaandika, kwa mwandiko wake mzuri: Mama alimngoja baba yake. Baba alikuwa kwenye kazi ya utafiti.

Kisha akauliza swali la tano.