Karatasi Isiyooza

Ulikuwa mwaka wa njaa, mwaka wa mahindi ya manjano. Si yale ya kwanza, nilipokuwa na mtoto mgongoni. Ni yale ya baadaye, ya msaada, ambayo ugali wake ulinuka gunia na watoto wakasema hicho ni chakula cha kuku. Nilikula, nikajifunga leso, nikaenda kuomba kibarua kwenye shamba la mboga za kuuzwa ng'ambo, chini ya Makutano ya Meru. Shule niliiacha darasa la tatu. Mgongo ndio niliokuwa nao, na hakuna aliyenishinda kuinama.

Nyapara, mzee mwenye mdomo kama pilipili, alinipa plastiki nyembamba iliyoviringwa kama mkeka. "Tandika kama kitanda cha bwana," akasema. "Ikikunjika, bwana anakimbia."

"Wangu alikimbia kitanda kikiwa kimenyooka."

Akacheka, akaniandika kazi.

Tuliinua matuta, tukalaza plastiki juu, tukafukia kingo zake ili upepo usiinyanyue, kisha tukaitoboa kwa mkebe na kupanda hoho. Magugu hayakuota na unyevu ulikaa. Ni kitu kizuri, siwezi kukidharau.

Shida ilikuwa jina. Kwetu plastiki yote huitwa karatasi. Msimu ukiisha, jua limeshaichoma, ukivuta inakatika mkononi. Meneja alitaka mabaki yaondolewe. Nyapara alitaka kurudi nyumbani mapema. "Hii ni karatasi, na karatasi huoza," akatuambia. "Limeni tu." Nani angebisha? Daftari la mtoto likinyeshewa si linakuwa uji? Tukalima nayo, msimu juu ya msimu.

Baadaye nilihamishiwa shamba la Embu, sasa nikiwa nyapara mwenyewe. Huko nako karatasi ilikuwa ikifukiwa kila msimu, na maji yalianza kusimama shambani kama kwenye karai. Bibi shamba, yule mtaalamu wa kilimo wa kampuni, akachimba shimo akaniita. Vipande vilipangana ndani ya udongo kama chapati. Mzizi wa hoho ulishuka kidogo, ukagonga plastiki, ukapinda kando. Nyungunyungu hata mmoja hatukuona.

"Mama Karimi, hii mnaiita nini?"

"Karatasi."

Akawasha kiberiti, akachoma kipande. Kikadondosha matone meusi.

"Karatasi gani hulia hivi?"

Tangu siku hiyo kikosi changu kiliitoa yote. Unangoja mvua ndogo ilainishe udongo, unalegeza kingo kwa jembe la meno, halafu unaiviringa polepole kutoka upande wa chini. Ukiwa na hasira itakatika. Vipande vinavyobaki unavifuata kwa reki.

Meneja wa mwisho alikuwa kijana wa haraka. Kampuni ilikuwa ikihamia shamba jingine, na kipande kimoja cha ardhi tulichokodi kilikuwa kinarudi kwa Mama Muthoni, mjane jirani, ambaye hakuwa na pengine pa kupandia wajukuu wake maharagwe. Trekta ilikuwa imeshawashwa, plastiki bado iko kwenye matuta.

"Mama, wacha dereva alime na karatasi yake. Kesho hili si shamba letu."

"Sifukii. Karatasi itoke kwanza, ndiyo trekta iingie."

"Unajua wewe ni nyapara tu?"

"Najua. Na hao wanawake walioketi mbele ya trekta ni kikosi changu."

Dereva akazima injini, akafungua mkebe wake wa githeri. "Meneja, mimi wacha nile kwanza," akasema. "Hawa wamama siwajaribu."

Tuliivuta mpaka jioni, Mama Muthoni akiwa katikati yetu, amejaza vipande kwenye gunia. Wiki iliyofuata nilivuliwa unyapara. Nilimaliza miaka yangu kwa kampuni nikiwa kibarua, nimeinama vilevile nilivyoanza, na sijutii. Maharagwe ya Mama Muthoni nimeyala kwa mkono wangu.

Sasa nimestaafu, na mjukuu wangu analima tikiti maji kwenye shamba langu, juu ya plastiki ya aina hiyohiyo. Nilimruhusu. Majuzi alivuna, akaja na soda baridi na maneno matamu.

"Cucu, vilivyobaki ni vipande vidogo tu. Nimeshaita trekta. Si tulime?"

Soda niliinywa yote. Kisha nikamwambia:

"Sifukii. Karatasi itoke kwanza, ndiyo trekta iingie."