Chumba cha Mbele

Baba alipopunguzwa kazi kwenye karakana ya reli, alichukua chumba cha mbele cha nyumba yetu pale Dodoma, akajenga reli ndogo juu ya meza mbili. Njia ilikuwa ya spoki za baiskeli, mabehewa ya bati la makopo ya mafuta ya kula. Injini iliendeshwa na mota ya redio kaseti iliyokufa. Aliweka stesheni ya Bahi, majaruba ya mpunga, hata mbuzi wa udongo kandokando ya njia. Jumapili watu wakitoka kanisani walipita kutazama. Wazee wazima waliinama mpaka macho yao yakawa sawa na madirisha ya mabehewa.

Mimi nilirudi kutoka chuoni, ajira hakuna. Siku hizo biashara ilikuwa imeruhusiwa, na kila mlango uliotazama barabara uligeuka duka. Kwetu ulikuwa mmoja tu, wa chumba kile. Nilimwambia mama nakitaka kwa duka, mama akamwambia baba.

Kesho yake nilimkuta anafungua skrubu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hebu shika upande huo."

"Tungesubiri kidogo, baba."

"Usubiri nini? Wenzako wanauza."

Nikashika. Nilisema vile kwa adabu tu. Moyoni nilishapanga pa kutundika magauni ya mitumba.

Reli tukaiweka stoo. Duka lilishika, wadogo zangu wakasoma, na hilo ndilo linaloninyima raha: siwezi hata kusema nilikosea. Masika ya kwanza yalipokwisha tulikuta mchwa wamekula mbao zote zilizobeba njia. Baba aliokota injini, akaipuliza vumbi, kisha akaniuliza kama duka linahitaji rafu.

Hakujenga tena. Alishinda dukani kwangu akikunja suruali za watu.

Miaka ilipita ndipo nikamwomba anifundishe. Alifurahi hata akasahau chai.

"Koleo hulishiki, unalikaba," alisema, nasi tukacheka.

Tulimaliza behewa moja, limepinda. Tulipotaka kuanza injini, macho yalikuwa yamemwishia. Akipapasa nyaya, haoni ipi ni ipi. Alifariki kabla ya mavuno.

Siku hizi vijana wa mtaani wakiliona behewa lile hutaka kujua linakwendaje. Nawaonyesha kukata bati. Zaidi ya hapo sijui, na aliyejua nilikuwa naye nyumba moja.