Nesi Aliyemkimbia Baba Mkwe

Felista akikisimulia kisa hiki huanza kwa kujicheka, na sababu anayo. Katika zahanati yao, kule juu kwenye vilima vya Lufingo, hakuna aliyekuwa mkali kama yeye. Mama aliyesahau kadi ya kliniki alirudi nyumbani kuifuata, mvua inyeshe isinyeshe. Mwenyekiti wa kijiji alipotaka kuruka foleni alirudishwa kwenye benchi, akaketi katikati ya watoto wenye mafua. "Hapa hakuna mkubwa," Felista alimwambia, na wakati ule aliyaamini maneno yake mwenyewe.

Mkubwa alikuwepo. Alikuwa mzee mwembamba wa koti la kijivu, na silaha yake ilikuwa kikohozi.

Ukoo wa Jackson, mumewe Felista, bado unashika desturi ambayo vijana wengi wa mjini wameshaiacha. Mke haonani na baba mkwe, wala na ndugu za baba mkwe, ambao nao huhesabiwa baba wakwe. Hamtazami usoni, hamtamki jina, hakai naye chumba kimoja. Wakikaribia kukutana njiani, mke huingia migombani na kujifunika kitenge mpaka mzee apite. Wazee nao, kwa ustaarabu, hukohoa kutoka mbali ili wakwe zao wapate muda wa kujificha. Katika mambo hayo Felista alikuwa bingwa. Kwa miaka kumi na minne ya ndoa alisifiwa kwenye kila msiba na kila harusi kuwa ni nesi aliyesoma asisahau adabu, naye sifa hizo alizila kama ndizi za kuchoma.

Jumanne moja ya Juni, baridi imeshika, akasikia kikohozi nje. Miguu haikumngoja. Kabla hajafikiri alikuwa stoo, amekalia boksi la glovu, mlango ameufunga. Aliyekuja ni Mzee Ambindwile, mdogo wake baba mkwe. Alikuwa amemleta mjukuu wake Debora, yatima wa miaka sita aliyekuwa akiishi naye. Mkono wa mtoto ulikuwa umevimba. Hosea, mhudumu wa zahanati, ambaye kazi yake ni kufagia na kuchemsha vifaa, alikuja kubisha mlango wa stoo.

"Sista, mtoto ameanguka mtini. Nifanyeje?"

"Mfunge bendeji, umpe panado," Felista alinong'ona kama mwizi wa kuku. "Wakiondoka niite."

Walipoondoka alitoka, akajikung'uta sketi, akaandika daftarini kwa mwandiko mzuri kabisa: ameanguka mtini. Yeye hakumwona mgonjwa hata kisigino. Ukutani, juu ya kichwa chake, kilikuwepo cheti cha semina ya siku tatu ya kutambua watoto wanaofanyiwa ukatili na kutoa taarifa. Cheti hicho alikuwa amekipigilia misumari minne.

Wiki tatu baadaye kikohozi kikarudi. Siku hiyo Hosea alikuwa ameshuka Tukuyu kufuata dawa, kwa hiyo Felista hakuwa na wa kumtuma. Alijifunika kitenge kichwani, akageukia dirisha, akanyoosha mkono nyuma kama mtu anayepapasa swichi gizani. Mzee akamsukuma Debora ndani, mkono bado umevimba ndani ya bendeji, akaufunga mlango, akaenda kukaa benchi la nje. Nesi na msindikizaji wasioonana wala kusemezana! Felista husema utaratibu kama ule usingepatikana katika kitabu chochote cha uuguzi.

Alipomvua Debora sweta, kitenge kilimwanguka. Mgongoni kulikuwa na alama za waya uliokunjwa, nyingine mbichi, nyingine zinakauka, nyingine zimeshakuwa makovu. Mambo yote aliyofundishwa kwa siku tatu yalikuwa yamesimama mbele yake bila viatu.

"Umepatwa na nini, mwanangu?"

"Nimeanguka mtini."

"Mti gani?"

Debora aliutazama mlango. Akafikiri sana. "Babu hakuniambia mti gani."

Felista alitaka ardhi ipasuke immeze. Akachukua simu akampigia Beatrice, afisa ustawi wa jamii aliyesoma naye kwenye ile semina. Kumpigia lilikuwa jambo la sheria, si la hisani, na alilijua hilo wiki tatu nyuma kama alivyolijua siku hiyo. Alieleza alama, alieleza zipi mbichi na zipi za zamani, alieleza jibu la mtoto. Akaenda vizuri mpaka alipofika kwenye jina.

"Anaishi na nani?" Beatrice aliuliza.

"Na yule mzee."

"Mzee gani?"

"Mdogo wake baba yake Jackson."

"Dada Felista, baba yake Jackson ana wadogo watano. Naandika yupi?"

"Yule wa koti la kijivu. Anaimba besi kanisani."

"Kwa hiyo nije na polisi wa dawati la watoto tukamate kwaya?"

Jina likagoma. Felista amezaa watoto watatu, na anaapa kuwa hakuna hata mmoja aliyemsumbua kutoka kama jina lile. Alikuwa bado amelishikilia kooni pale kikohozi kiliposikika mlangoni. Mzee alikuwa amechoka kungoja.

Miguu, ile ile, ikaondoka. Alipozinduka alikuwa ameshika kitasa cha stoo, simu sikioni, nusu ya mwili imeshaingia. Akageuka nyuma. Debora alikuwa anavaa sweta mbiombio kwa mkono mmoja, bila kuambiwa, kichwa hakijapata tundu lake. Kikohozi kile na yeye alikijua.

Felista alijikasirikia yeye mwenyewe kabla ya kumkasirikia mzee. Alirudi, akasimama kati ya mtoto na mlango, na mlango ukafunguka. Kwa mara ya kwanza akamtazama baba mkwe usoni. Alikuwa na macho madogo yenye majimaji na ndevu zilizonyolewa upande mmoja vizuri kuliko mwingine. Mzee ndiye aliyeinamisha uso, maana alizoea kukuta vyumba vitupu.

"Mtoto aje," alisema akitazama sakafu.

"Haji. Mzee Ambindwile, mtoto huyu haondoki hapa."

Kina mama wa foleni wakageuza shingo wote. Ndani ya simu Beatrice alisema, "Nimeandika."

"Unanitaja jina?" mzee aliuliza, na sauti yake ilitetemeka kweli.

"Nakutaja, baba. Kaa kwenye benchi."

Beatrice na polisi walifika kabla ya adhuhuri. Kesi ipo mahakamani, na Debora anaishi na shangazi yake Ndimyake huko Masukulu. Ukoo ulikaa kikao, na swali la kwanza halikuwa nani alimpiga mtoto, lilikuwa nani alitaja jina. Felista akatakiwa kuleta ng'ombe wa kuomba radhi. Jackson, mtu asiyesema mara mbili kwa mwaka, alisimama akasema ng'ombe atakuja siku makovu ya Debora yatakapofutika, kisha akaketi. Wapo wasiomsalimia Felista mpaka leo, na wapo wanaomwita shujaa.

Hapo kwenye ushujaa ndipo kicheko chake hukatika. Picha ya eksirei hospitalini ilionyesha kuwa mkono wa Debora ulikuwa umevunjika wiki tatu nyuma, ukaunga vibaya ndani ya bendeji. Daktari aliuliza ni nani aliyempokea mara ya kwanza.

"Mimi," Felista alijibu. "Sikumtazama."

Aliliandika hilo kwenye taarifa yake, na tarehe, na kwamba alikuwa stoo. Beatrice alimwambia si lazima. Akaliandika.

Kila mwezi hupanda gari kwenda Masukulu. Debora hutoka nyumbani kwa shangazi yake akikimbia, anapiga goti, anampa mkono ule ule, ambao haunyooki. Felista huupokea kwa mikono yake yote miwili, na siku hiyo hasimulii kitu.